Je, wajua kwa nini jinzi nyingine zina ukingo mweupe wenye uzi mwekundu?

Mwaka juzi nilimpelekea fundi suruali yangu ya jinzi anibanie miguu. Ilikuwa ya mtumba, nzito hasa, ya kuvuliwa ikabaki nusu imesimama kama mwenyewe bado yumo. Jioni nikaifuata. Imebanwa vizuri, mishono imenyooka. Ila chini ya cherehani, kwenye rundo la vitambaa vya kutupa, niliona vipande vyembamba vya ukingo mweupe, katikati vina uzi mwekundu. Fundi alikuwa amekata kitu kilichoifanya suruali ile iwe ghali tangu kiwandani.

Kitambaa cha jinzi kina nyuzi za namna mbili. Mtande ndio nyuzi za urefu, zilizotiwa nili. Mshindio ndio uzi wa kukatiza, na huachwa mweupe. Ndiyo maana jinzi ni buluu kwa nje na ndani imepauka.

Sasa angalia mashine ya zamani inavyofuma. Kuna chombo kidogo cha mbao, umbo lake kama mtumbwi, kimebeba uzi wa mshindio tumboni. Kinarushwa kutoka upande huu, kinapita katikati ya mtande, kinafika ng'ambo, kinarudi. Uzi haukatwi: ukifika ukingoni unakunja kona na kurudi nacho. Kwa hiyo ukingo unajifunga wenyewe na haufumuki. Mashine nyingi za siku hizi huupitisha uzi kwa hewa au kwa vyuma vinavyouvuta, na kila safari uzi hukatwa. Ukingo unabaki na ndevu. Geuza jinzi ya kawaida ndani nje, utakuta pale pamepigwa ovaloki.

Hapo ndipo bei inapopandia. Kitambaa cha mashine ya zamani kina upana wa sentimita 75 hadi 80 tu, karibu nusu ya kile cha kisasa, na kinafumwa polepole. Ili ukingo uangukie kwenye mshono wa nje wa mguu, suruali moja inaweza kula karibu mita 3. Lakini usidanganyike: ukingo huo hauelezi uzito wala ubora wa pamba. Ipo jinzi nyepesi yenye ukingo, na ipo nzito iliyopigwa ovaloki ambayo itadumu vilevile.

Uzi mwekundu nao una asili yake. Kiwanda cha White Oak mjini Greensboro, jimbo la North Carolina, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1905, kilifumia kampuni ya jinzi ya Levi's kitambaa kwa miaka mingi, na wekundu ulikuwa alama ya kutambua mzigo wa mteja huyo. White Oak kilifungwa mwaka 2017. Leo kitambaa hiki kinasifika zaidi kutoka Japani, hasa mkoa wa Okayama, ambako bado zinanguruma mashine za Toyoda. Ndiyo, ukoo uleule wa Toyota: Sakichi Toyoda alikamilisha mashine yake mashuhuri ya kufumia mwaka 1924, na magari yakazaliwa baadaye ndani ya kampuni hiyohiyo ya mashine za nguo.

Lebo ya suruali yangu ilisema pamba asilimia 98, elastani asilimia 2. Elastani ni uzi unaovutika kama mpira, uliobuniwa na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958. Wapenzi wa jinzi za kale huuona kama maji kwenye maziwa. Mimi siungani nao. Jinzi ya wakia 16 kwa yadi ya mraba, yaani kama gramu 540 kwa mita ya mraba, ikiwa pamba tupu, siku za mwanzo kuchuchumaa ni adhabu.

Mpira huo kwa kawaida huwekwa kwenye mshindio, ukiwa kiini kilichoviringishiwa pamba. Mtande hushuka na mguu, mshindio huuzunguka. Kwa hiyo suruali inaachia pajani na kiunoni, palepale inapobana, huku urefu ukibaki kama ulivyo. Ugumu ni kwamba uzi huo hufumwa ukiwa umevutwa. Kitambaa kikitoka mashinani unajirudi na kukipunguza upana, ambao tangu hapo ni haba.

Mpira huo huchoka kabla ya pamba. Adui zake ni joto na klorini: usiitie jiki, usiipige pasi ya moto mkali, ianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje. Ukiona magoti yanafanya vifuko visivyorudi hata baada ya kufuliwa, ujue mpira umekwisha, ingawa kitambaa bado kinakataa kuchanika.

Na ukimpelekea fundi ya kubana, mwambie mapema aguse mshono wa ndani ya mguu tu, ule wa nje auache. Huenda akalalamika, maana mara nyingi mshono huo umekunjwa na kushonwa mara mbili, na kwa kitambaa kizito hivyo unavunja sindano. Mwongezee kidogo.