"Nchi isiyokuwa na dini" si nchi iliyomkataa Mungu

Kwenye mikutano ya injili, na hata pale sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, watu wakisubiri dagaa wapakiwe, husikika imani ya siku nyingi: kwamba katiba ikisema nchi haina dini, imemkataa Mungu, hivyo Mkristo wa kweli amchague wa dini yake ili airekebishe.

Wanaoamini hivyo wanaipenda imani yao, na hilo naliheshimu. Lakini Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haisemi hayo. Ibara ya 3 inaposema "isiyokuwa na dini", maana yake dola haina dini yake. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu, kueneza dini, hata kubadili dini, na uendeshaji wa jumuiya za dini imeuweka nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mlokole wa Igoma anahubiri kwa kinga ileile aliyonayo jirani yake Mwislamu. Na wimbo wetu wa taifa unaanza kwa kumwomba Mungu!

Kuhusu vyama, soma Ibara ya 20: chama kinacholenga kukuza maslahi ya dini fulani hakisajiliwi.

Katiba imeandikwa kwa Kiswahili. Ukisikia "katiba inasema", uliza ni ibara ya ngapi, kisha ifungue mwenyewe, hata kwenye simu.