Meshi 200 si mikromita 200

Jicho la wavu ni uwazi ulio kati ya uzi na uzi. Katika nyavu za planktoni, yaani viumbe wadogo wanaopelekwa na maji, uwazi huo hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu za elfu moja za milimita. Kiumbe mwembamba kuliko jicho hupenya, mnene hunaswa. Maana yenyewe inaishia hapo. Kinachonifanya niandike ni namba.

Juzi hapa Moshi niliwasikiliza wanafunzi wakiwasilisha matokeo ya sampuli walizochota pwani ya Tanga. Walisema walitumia "wavu wa 200", kisha wakalinganisha hesabu yao na ripoti ya zamani ya wavu wa mikromita 200, kipimo ambacho UNESCO ilikipendekeza mwaka 1968. Nilipouliza, ikabainika kwamba kitambaa chao kiliuzwa kama meshi 200, maana yake nyuzi 200 katika kila inchi, na jicho lake ni takribani mikromita 75 tu. Hii ni mara ya tatu nasikia kosa hilo hilo.

Naelewa linakotoka. Mji huu umelelewa na kahawa, na machekeche ya kahawa hutajwa kwa upana wa tundu: namba 18 ni sehemu 18 za inchi iliyogawanywa mara 64, karibu milimita 7, kwa hiyo namba ikipanda tundu hupanuka. Vitambaa vya planktoni vilipita njia nyingine. Victor Hensen, Mjerumani aliyeunda neno planktoni mwaka 1887 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutangatanga, alitumia hariri iliyofumwa kwa ajili ya kuchekecha unga viwandani, na katika hariri hiyo namba ilipanda kadiri jicho lilivyopungua, hata namba 25 ikawa na macho madogo kuliko namba 10. Nailoni ilipochukua nafasi ya hariri, watafiti walihamia kwenye mikromita, lakini wauzaji wengi wa vitambaa bado huhesabu nyuzi.

Tofauti ya 75 na 200 si ndogo. Kopepodi (wadudu wadogo wa majini wa jamii ya kamba) wa jenasi Oithona, pamoja na viluwiluwi vya kopepodi wengine, hupotea kwa wingi katika wavu wa mikromita 200, kwa sababu kinachoamua ni upana wa mwili wala si urefu, kama ilivyo kwa punje ya kahawa. Tena jicho la mraba lina ulalo: lile la mikromita 200 lina karibu 283 kutoka pembe hadi pembe. (Wanaodhani basi jicho dogo ndilo bora daima wakumbuke kwamba huziba upesi, maji yakasukumwa pembeni mwa mdomo wa wavu, na viumbe wakubwa wenye kasi wakakwepa.)

Kwa hiyo "ongezeko la Oithona" lililoonekana kwenye jedwali la wanafunzi wale huenda limeletwa na kitambaa. Sampuli zenyewe, wanangu, si za kutupa. Andikeni mikromita 75, kisha pitisheni sehemu ya sampuli katika chekeche la mikromita 200 na mhesabu kilichobaki juu. Hakitalingana kabisa na cha wavu unaovutwa baharini, ambako mkondo huwasukuma viumbe wapenye, lakini kitakaribia ripoti ile kuliko hesabu mliyoiweka kando yake.