Je, wajua kwa nini aurora haionekani Mombasa?

Picha za aurora huzunguka sana kwenye simu zetu: anga la Norway au Alaska limetandwa mapazia ya mwanga wa kijani na nyekundu, chini theluji tupu. Ndiyo maana wengi hudhani baridi ndiyo inayoileta. Baridi haihusiki hata kidogo. Mwenye kazi hiyo ni sumaku.

Jua hupuliza chembe zenye umeme, elektroni na protoni, kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Dunia nayo ni sumaku kubwa, na uga wake, yaani eneo la nguvu ya sumaku linaloizunguka, huzikinga nyingi zipite kando. Upande wa usiku uga huo huvutwa ukawa mkia mrefu. Mistari ya nguvu hiyo ya sumaku ikikatika na kuungana upya, elektroni husukumwa kwa nguvu kuelekea Dunia, zikifuata mistari hiyo hadi inapozama karibu na ncha za kaskazini na kusini. Huko hugonga hewa ya juu, nayo ikawaka kama gesi ndani ya taa ya tyubu.

Rangi zake ndizo zinazonishangaza zaidi. Atomu ya oksijeni iliyogongwa huweza kutoa kijani ndani ya sekunde moja hivi, lakini nyekundu huchukua karibu dakika mbili. Kwenye kimo cha kilomita 100 atomu zimesongamana kiasi kwamba ile iliyogongwa itagongana na nyingine na kupoteza nishati yake kabla dakika hizo hazijaisha, basi kijani hutawala. Kupita kilomita 200 hewa ni haba mno, nyekundu ikapata nafasi. Pindo la zambarau ni la nitrojeni.

Sisi Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Huku mistari ya sumaku imelala, haikusimama, kwa hivyo hakuna njia ya kuzishusha elektroni hizo juu ya Likoni wala Nyali. Dhoruba kubwa ya Jua ya Mei 2024 ilifikisha aurora hadi Afrika Kusini, na bado huko ni mbali sana na pwani yetu.

Hata hivyo anga letu lina mng'ao wake. Mchana miale ya Jua huvunja molekuli za oksijeni. Usiku atomu zake huungana tena na kutoa kijani kilekile cha aurora, hafifu mno, kote duniani. Wanaanga hukiona kama utepe mwembamba uliozunguka sayari. Mjini taa hukifunika. Mwenye kamera nzuri aende Shimba Hills usiku usio na mwezi, aiweke juu ya miguu mitatu, aache lenzi wazi kwa sekunde 20 au 30, na aielekeze chini, karibu na upeo wa macho, kwani hapo ndipo mng'ao huo huwa mzito zaidi.