Pesa haijazi jokofu la damu

Swali lilelile limerudi kwetu tunaohamasisha uchangiaji damu: "Kwa nini msiwape wachangiaji elfu kumi kumi? Kwa njaa hii, Tanga nzima itapanga foleni."

Haya. Elfu kumi haimchagui mwenye damu salama, inamchagua mwenye shida. Akifika kwenye dodoso akaulizwa kama amewahi kuugua manjano, atasema hapana hata kama macho yalikuwa bizari tupu. Watasema, si mnapima? Tunapima virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Ila virusi vilivyoingia juzi vinaweza kupita bila kipimo kuviona. Ndicho kipindi cha dirisha. Hapo kinachomlinda mgonjwa ni ulimi wa mchangiaji.

Kwa hoja hiyohiyo, linalonikera zaidi ni tangazo letu wenyewe: "Njoo uchangie, upimwe bure." Nani anakimbilia kipimo cha bure? Yule mwenye wasiwasi na alichofanya wiki iliyopita! Huyo mpelekeni kwenye ushauri nasaha, apimwe, arudie kipimo baadaye. Msimlaze kwenye kitanda cha kuchangia. Kujua kundi la damu, sawa, ahidini hilo.

Richard Titmuss, mtafiti wa sera za jamii wa Uingereza, aliandika mwaka 1970 kwamba malipo yanaua moyo wa kutoa. Jaribio la Göteborg, Uswidi, lililochapishwa 2008, lilimuunga mkono nusu: wanawake walioahidiwa pesa walipungua, wanaume hawakutikisika. Tena yapo majaribio ambako zawadi ndogo ziliongeza wachangiaji na usalama wa damu usishuke. Kwa hiyo fulana ya zawadi ni shukrani au ni mshahara? Mpaka huo bado naupapasa.

Vigezo mnavijua: miaka 18 hadi 65, kilo 50, wingi wa damu gramu 12.5 kwa desilita, mwanamume kila miezi 3, mwanamke 4. Tuendelee.

Aliyezimia mbele ya wenzake ni vigumu kurudi, na waliomwona wanaanza kuahirisha. Basi awe amekula, anywe nusu lita ya maji muda mfupi kabla ya sindano, na wakati mililita 450 zinatoka apishanishe miguu, abane mapaja na makalio, aachie, abane tena. Sindano ikitoka asiinuliwe ghafla. Apumzike dakika 15 na soda yake ndipo aitafute bodaboda.

Halafu mabango. Kila anayelisoma anadhani linamsema jirani. Mtu huja akiombwa yeye, kwa jina, siku na mahali vikitajwa. Ndugu aliyemchangia shangazi yake wodini ameshaishinda hofu ya sindano, nasi tunamwacha aondoke bila tarehe ya kurudi. Mwandikieni, mpigieni wiki moja kabla.

Na msilundike kila kitu 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Damu hukaa jokofuni siku 35, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku 5 tu. Shule zikifungwa, wanafunzi ambao ndio tegemeo wametawanyika. Ramadhani nayo, mtaani Ngamiani hapa Tanga humwombi aliyefunga achangie saa sita mchana: pangeni vitanda baada ya tarawehe, watu wameshafuturu na kunywa maji, na taa iwe kali ya kutosha kuuona mshipa.