Kijana wako amechanika ligamenti ya goti: yanayoamua kama atacheza tena

Michuano ya shule na ligi za mchangani zikipamba moto, kliniki yetu ya fiziotherapia hujaa magoti. Wengi ni vijana wa miaka 15 hadi 20, wachezaji wazuri ambao tayari wameonwa na mtu wa timu kubwa. Mmoja alikuwa amebakiza siku chache tu aende kwenye majaribio. Anaingia akichechemea, mama yuko nyuma na bahasha ya eksirei, na hata kabla hajakaa anauliza, "Dokta, mwanangu atacheza tena?"

Wengi wanaweza. Ila kwa niliyoyaona katika kazi hii, ndoto nyingi hazifi siku goti linapochanika. Hufa katika wiki na miezi inayofuata, kwa sababu tatizo lilichelewa kujulikana, au kwa sababu kijana aliharakishwa kurudi uwanjani. Yote mawili yanazuilika, na kinachoniumiza ni kwamba mara nyingi hayazuiwi.

Ligamenti ni kamba imara inayounganisha mfupa na mfupa, na ndani kabisa ya goti ziko mbili zinazopishana. Ya mbele ndiyo ile wasemaji wa klabu huiita ACL wanapotangaza kwamba fulani hataonekana msimu mzima. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele, na kulituliza goti mchezaji anapogeuka ghafla. Watu hudhani lazima mtu awe amechezewa rafu ndipo ichanike, lakini mara nyingi hakuna hata aliyemgusa. Kijana anakimbia, anasimama ghafla ampige chenga beki, mguu umeganda chini, goti linaingia ndani huku mwili ukiendelea kwenda. Au ameruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja vibaya. Wengi husikia "pa!" ndani ya goti. Anajaribu kuinuka aendelee, anashindwa, na ndani ya saa chache goti limejaa.

Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Familia inampeleka kupigwa eksirei, picha inatoka safi, wanaambiwa mfupa mzima, ni msuli tu umeshtuka. Eksirei ni muhimu kwa sababu inaonyesha kama kuna mfupa uliovunjika, ila ligamenti haionekani kwenye eksirei. Picha safi haina maana kwamba goti ni zima. Goti linalovimba haraka namna hiyo baada ya kujipinda kwa kawaida limejaa damu, na mimi humchukulia kijana wa hivyo kama aliyechanika ligamenti mpaka ithibitike vinginevyo.

Kipimo cha kwanza wala hakihitaji mashine. Namlaza kijana chali, nalikunja goti kidogo, kati ya nyuzi 20 na 30. Mkono mmoja unashika paja juu ya goti, mwingine unashika ugoko kwa nyuma, kidole gumba kikiwa mbele. Kisha nauvuta ugoko uje mbele. Goti zima husogea kidogo tu, halafu linagota. Mgoto huo unausikia wazi mkononi. Lililochanika linakuja tu, halina pa kugotea. Huwa naanza na mguu mzima, ili kijana naye ajue hali yake ya kawaida ikoje. Ninapohamia mguu wa pili, wengi husikia tofauti hiyo wenyewe, na uso hubadilika kabla sijasema neno. Hii ni dakika ngumu, na sipendi kuipitisha haraka. Nakaa. Namwacha aulize. Baadaye, uwezo ukiwepo, tunafanya MRI, picha inayoonyesha hata vitu laini vya ndani ya goti, hasa ili tujue kama na gegedu, ile mito laini iliyo kati ya mifupa, zimeumia.

Sasa niseme juu ya kuchua, maana najua nikinyamaza nitakuwa nimewaficha jambo. Siku za mwanzo, kulikanda goti kwa maji ya moto na kulichua kwa nguvu kunazidisha damu na uvimbe. Wapo wanaowashika watoto na kulivuta goti "lirudi mahali pake" wakati hakuna kilichotoka mahali pake. Ligamenti iliyokatika katikati ya goti haiunganishwi kwa kuvutwa. Kinachosaidia ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, bandeji ya kubana kiasi, mguu kuinuliwa, na magongo kama hawezi kukanyaga. Uvimbe ukianza kupungua, kazi kubwa ni mbili: goti linyooke lote, na msuli wa mbele wa paja uamke. Msuli huo hulala upesi ajabu. Ndani ya wiki mbili unaweza kuliona paja limekonda kwa macho tu, bila futi ya fundi cherehani.

Halafu inakuja wiki ya tatu au ya nne, wiki ninayoiogopa kuliko zote. Uvimbe umeisha. Maumivu yameisha. Kijana anatembea vizuri, anapanda daladala, anakimbia mbio za moja kwa moja bila shida, kwa sababu kukimbia kwa kunyooka hakuihitaji sana ligamenti ile. Kocha anapiga simu, kuna mechi Jumapili. Anaingia, anageuka mara moja, goti linaachia. Anapumzika, anarudi, linaachia tena. Baina ya mfupa wa paja na wa ugoko kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la herufi C, tunaviita meniskasi, ambavyo hupokea uzito wa mwili. Kila goti linapoachia vinaweza kusagwa na kuchanika. Ligamenti daktari wa upasuaji anaweza kutengeneza nyingine. Meniskasi iliyosagika mara nyingi haitengenezeki tena, na ndiyo inayomwachia mtu wa miaka 30 goti la mzee. Wazazi, mkisikia mtoto anasema "goti linakimbia" au "linaachia", mpira usimame siku hiyohiyo mpaka apimwe vizuri.

Je, lazima apasuliwe? Wengi hudhani ni lazima, wengine huogopa hata kulisikia neno lenyewe. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa watu 121 wa miaka 18 hadi 35 katika makundi mawili: kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine likaanza na mazoezi, na upasuaji ukawa wa baadaye kwa atakayeuhitaji. Matokeo ya makundi hayo hayakutofautiana sana, na hata baada ya miaka 5 karibu nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajapasuliwa. Lakini wachezaji wa kulipwa hawakuwemo. Kijana anayetaka kuishi kwa mpira, mchezo wa kugeuka na kuruka wiki hadi wiki, mara nyingi ataishia kuhitaji upasuaji. Atakayebadili mchezo, au anayetaka tu kuishi na kufanya kazi zake bila goti kumsumbua, ana njia nyingine ya heshima kabisa. Na kwa walio chini ya miaka 18 kuna la ziada: kwenye ncha za mifupa yao kuna sehemu laini za ukuaji, na tundu la upasuaji likipita pasipofaa, mguu unaweza kukua mfupi au kupinda. Mtoto wa miaka 13 au 14 apelekwe kwa daktari wa mifupa mwenye uzoefu na magoti ya watoto. Hapo msione aibu kumuuliza daktari waziwazi kama ana uzoefu huo.

Katika upasuaji wenyewe, daktari huchukua kano (kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa) ya kijana mwenyewe, ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti, na kuipitisha mahali pa ligamenti iliyokatika. Kano hiyo ikishawekwa haina damu yake. Ni kama mche uliohamishwa: majani ya kijani unayaona, mizizi bado haijashika. Katika miezi ya mwanzo hulegea kwanza, halafu mishipa ya damu huingia polepole na kuijenga upya. Na ni wakati huohuo wa udhaifu ambapo kijana hasikii maumivu tena na anaamini amepona. Ndiyo maana sichoki kubishana juu ya miezi. Utafiti wa Norwei wa mwaka 2016 uliwafuatilia wachezaji baada ya upasuaji na kukuta kwamba hatari ya kuumia tena ilipungua kwa takriban nusu kwa kila mwezi waliosubiri, mpaka mwezi wa 9. Tena siyo kusubiri tu. Miezi 9 ya kukaa kwenye kochi haina faida yoyote.

Kabla sijamruhusu mtu kurudi, msuli wa paja la mguu ulioumia uwe umefikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu mzima. Aruke kwa mguu mmoja kwenda mbele, tupime kwa futi. Aruke mara tatu mfululizo, tupime tena. Atue bila goti kuingia ndani. Halafu arudi kwa ngazi: mazoezi peke yake, mazoezi na wenzake bila kugusana, mazoezi kamili, na mwisho dakika chache za mechi. Wengi huniambia hawana hela ya jimu. Begi la shule lenye vitabu au mchanga ni uzito. Ngazi za nyumba ni mashine ya kutosha: panda na kushuka kwa mguu mmoja taratibu, ukijitazama kwenye kioo kama goti linakaa juu ya kidole cha pili cha mguu. Nimeona vijana wa familia zenye uwezo mdogo wakijenga paja zuri kuliko wenye jimu, kwa sababu walifanya kila siku.

Kuna mifano ninayoitumia. Mwitaliano Roberto Baggio alichanika goti Mei 1985 akiwa na miaka 18, anachezea klabu ya Vicenza, wakati klabu kubwa zaidi, Fiorentina, wamekwisha kukubaliana kumchukua. Fiorentina hawakumtupa. Alipoteza muda mrefu, na mwaka 1993 akawa mshindi wa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Alexia Putellas, mwanamke anayechezea Hispania, alichanika Julai 2022, siku moja kabla ya mashindano ya Ulaya kuanza kule Uingereza. Alirudi uwanjani Aprili 2023, na Agosti mwaka huo alikuwa katika kikosi cha Hispania kilichotwaa Kombe la Dunia. Hesabuni miezi yake. Mchezaji mwenye madaktari bora duniani alisubiri karibu miezi 10. Kijana wetu wa kidato cha tatu harudi kwa miezi 4 eti kwa sababu fainali ya kata imefika.

Huku nikisema hayo, simdanganyi mtu. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2014, yenye watu zaidi ya 7,500, yalionyesha kwamba katika kila 100 waliofanyiwa upasuaji huu, 65 hivi walirudi kwenye kiwango chao cha zamani, na 55 walirudi kwenye ushindani. Maana yake ni kwamba wapo wengi ambao hawakurudi, na sababu mojawapo kubwa ni woga. Goti limepona, lakini kijana akiukaribia mpira mguu unasita. Woga huo si udhaifu wa moyo na haumtoki mtu kwa kukemewa. Hupungua kwa kurudia kile kitendo kilichomuumiza, polepole, mara nyingi, mahali salama, na mtu anayemwamini akiwa pembeni.

Kwa hiyo namwambia kijana ukweli wote na namwomba afanye mambo mawili kwa wakati mmoja: atibu goti kama mtu atakayecheza, na asome kama mtu ambaye huenda asicheze. Wazazi wengine hutumia jeraha kama fimbo, "nilikwambia mpira hauna maana." Tafadhali, msifanye hivyo. Amepoteza mpira, wenzake, na jina aliloitwa mtaani, vyote kwa dakika moja. Nimewaona wakiacha kula, wakijifungia ndani, na mmoja aliacha hata kwenda shule. Kocha, usimtoe kwenye kundi la timu. Mpe kazi: aandike pasi zilizopotea, awaongoze wadogo kupasha misuli, akae benchi na jezi yake. Kijana anayebaki ndani ya timu hufanya mazoezi ya goti lake kwa moyo tofauti kabisa.

Kwa wasichana niongeze hili, maana mpira wao unakua na furaha yangu ni kubwa. Katika michezo ya aina hii hatari yao ya kuchanika ligamenti hii ni mara kadhaa ya ile ya wavulana. Mzazi asilichukulie hilo kama sababu ya kumzuia binti. Lichukuliwe kama sababu ya kocha kubadili namna ya kupasha misuli. FIFA wana mpango wa mazoezi unaoitwa 11+: dakika 20, hauhitaji chochote zaidi ya mpira na uwanja, angalau mara mbili kwa wiki. Ulipojaribiwa Norwei kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Kukimbia duara mbili na kunyoosha mapaja hakutoshi.

Na aliyekwisha kupona asiache mazoezi hayo. Kwa kijana chini ya miaka 25 anayerudi kwenye michezo, hatari ya kuchanika tena ni kubwa, na mara nyingi linalofuata ni goti la upande wa pili, lile ambalo hakuna aliyekuwa akilitazama. Miguu yote miwili ifanyishwe kazi, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kipindi chote atakachoendelea kucheza. Akihisi uvimbe hata mdogo siku inayofuata mazoezi, apunguze, aje tuliangalie.