Kwa Nini Filamu ya Sokurov Ilifungiwa: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba Skorbnoye beschuvstviye, filamu ambayo mwongozaji wa Kirusi Aleksandr Sokurov aliipiga mwaka 1983 katika studio ya Lenfilm mjini Leningrad, ilifungiwa kwa sababu ya tamthilia iliyoizaa. Dhana hiyo haina msingi. Tamthilia yenyewe, Heartbreak House, ni ya George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia kutoka Ireland, ambaye watawala wa Kisovieti walimhesabu kuwa rafiki: alizuru Moscow mwaka 1931, akapokewa na Stalin, na aliporudi Uingereza akaendelea kuisifu nchi hiyo hadharani. Isitoshe, Shaw aliiandika kwa kufuata nyayo za Chekhov, mwandishi wa tamthilia wa Kirusi, na kuiita fantasia ya mtindo wa Kirusi juu ya mambo ya Kiingereza.

Utata ulikuwa katika umbo la filamu. Sokurov hakufuata mtiririko wa Shaw, bali aliwaacha wakazi wa nyumba ya Kapteni Shotover, mhusika wa tamthilia hiyo, wazubae katika anasa na uchovu wao, huku akipenyeza picha halisi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na hata za Shaw mwenyewe, bila kumweleza mtazamaji ajifunze nini. Kwa sinema ya serikali, iliyotaka ujumbe ulionyooka, hilo lilikuwa kosa zito kuliko kejeli yoyote.

Kufungiwa huko nako hakukuhitaji hakimu. Serikali, kupitia kamati yake ya sinema, Goskino, ndiyo iliyogharimia filamu na ndiyo iliyotoa idhini ya kuionyesha; ikiinyima idhini, kazi hubaki rafuni. Filamu ya awali ya Sokurov, Odinokiy golos cheloveka ya mwaka 1978, ilipatwa na mkasa huohuo.

Skorbnoye beschuvstviye ilifunguliwa baadaye, lakini kudai kwamba Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Kisovieti, aliifungulia kwa mkono wake ni kurahisisha mambo mno. Mageuzi yake yalifungua njia, lakini kazi ilifanywa na wanasinema wenyewe, ambao katika mkutano mkuu wa chama chao, Mei 1986, walimchagua Elem Klimov awaongoze (naye alikwisha kuonja adha hiyo kwa filamu yake kuhusu Rasputin, mtu aliyekuwa na ushawishi mkubwa kwa familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi), kisha wakaunda tume chini ya mhakiki Andrei Plakhov ipitie kazi zilizozuiwa.

Wala Skorbnoye beschuvstviye haikushinda katika tamasha la filamu la Berlin, ilikoshindanishwa mwaka 1987. Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha hilo, alikwenda kwa filamu ya Tema ya Gleb Panfilov, iliyokuwa imezuiwa tangu mwaka 1979.