Kwa nini picha za anga za filamu hujaa punje?

Chukua negativu ya Kilimia, lile kundi la nyota, iweke juu ya kioo chenye taa chini yake, uitazame kwa lenzi ya kukuzia. Nyota ni vidoa vyeusi vilivyotulia. Lakini katikati yake, pale ulipotarajia uwazi mtupu, pana kitu kama mchanga uliomwagika sakafuni. Je, wajua kwamba mchanga huo si anga? Ni filamu yenyewe.

Ndani ya filamu mna fuwele ndogo sana za chumvi ya fedha, zimetawanyika ovyo. Iliyopata mwanga wa kutosha hugeuka fedha nyeusi filamu inaposafishwa. Isiyopata huondolewa na dawa. Mchana hakuna shida. Usiku mwanga wa nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, huja kwa kudondoka, na fuwele iliyoguswa mara moja huweza kusahau kabla haijaguswa tena. Karl Schwarzschild, mwanaastronomia wa Ujerumani, alilichunguza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19. Ndiyo maana kuacha kamera wazi muda mara mbili hakukupi picha nzito mara mbili. Na ukikimbilia filamu ya kasi kubwa, ile inayonasa mwanga upesi, fuwele zake ni kubwa zaidi, hivyo punje zinazidi.

Wapigapicha wa anga walizoea kuipasha moto filamu ya Kodak Technical Pan, yenye punje laini mno, ndani ya gesi ya naitrojeni iliyochanganywa na haidrojeni kidogo, ili unyevu na oksijeni vitoke. Filamu ilipona usahaulifu.

Dawa ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni kupandanisha picha. Nyota haihami, ila punje za kila negativu hukaa pengine. Ukichukua wastani wa picha 4, punje hupungua hadi nusu. Picha 9, theluthi. Picha 16, robo. Mpigapicha wa anga David Malin alifanya hivyo Australia ndani ya chumba cha giza, bila kompyuta, na galaksi hafifu kupindukia iliyogunduliwa mwaka 1986, Malin 1, ina jina lake.

Kwa hiyo piga Kilimia mara 4, kamera ikifuata mzunguko wa anga. Skani negativu zote kwa mipangilio ileile, usiiache skana ijirekebishe yenyewe, kisha zilinganishe nyota kwa nyota. Rudi pale katikati: mchanga umetulia, na ukungu wa buluu unaoizunguka Merope, mojawapo ya nyota za Kilimia, umeanza kujitokeza.